Njia ya Machela

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Kasulu unapanda kwa kilomita kama 90. Joto la ziwa linabaki nyuma, na ukifika juu unakuta migomba, mashamba ya maharage na baridi ya asubuhi inayomlazimu mtu kuvaa koti. Ukiendelea kaskazini hadi Kibondo, utakuwa umeiacha Kigoma zaidi ya kilomita 200. Hii ndiyo Buha, nchi ya Waha, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mgonjwa wa huku alisafiri mabegani mwa watu. Machela haikuwa kitu cha kununua. Ilikuwa miti miwili mirefu na blanketi au shuka nzito iliyofungwa katikati, wanaume wanne chini ya mzigo na wengine kando wakingoja zamu. Walishuka mteremko kwa haraka, wakavuka mto kwa kupapasa mawe kwa nyayo, wakabadilishana mabega bila kumshusha mgonjwa chini. Mara nyingi aliyelala juu yake alikuwa mwanamke ambaye uchungu ulimshika tangu juzi.

Naanza na machela kwa sababu ndiyo kipimo nitakachokitumia. Habari za afya ya Buha zimeandikwa sana kwa majina ya maradhi na majina ya miradi. Wabeba machela walikuwa na swali fupi zaidi: huyu tunampeleka wapi, na tukifika tutamkuta nani?

Serikali ya kikoloni ilipoingia vilima hivi na habari za tiba, ilimfuata mbung'o. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamefungua kambi za wagonjwa wa malale kando ya Ziwa Tanganyika, wakiwadunga dawa ya aseniki iliyoitwa atoksili, dawa ambayo iliwapofusha baadhi ya waliodungwa. Hiyo ilikuwa malale ya ufukweni, inayomla mtu kwa miaka. Mwaka 1922, upande wa Maswa huko Usukuma, ikatambuliwa aina nyingine, kali zaidi, inayoweza kumaliza mtu kwa miezi. Aina hii hukaa ndani ya wanyamapori na hubebwa na mbung'o wa miombo, na miombo ndiyo iliyoizunguka Buha kwa pande za mashariki na kusini, kuelekea mabonde ya Malagarasi na Muyovozi.

Daktari George Maclean, aliyeongoza kazi ya kupambana na malale Tanganyika chini ya Waingereza, alikuwa na hoja iliyoonekana wazi kwenye ramani. Kaya zilizotawanyika haziwezi kulishinda pori. Zikikusanywa pamoja, majembe yao yatafyeka vichaka, mbung'o atakosa kivuli, na daktari atajua pa kuwapata watu wa kuwapima. Makazi ya namna hiyo yakaanzishwa sehemu nyingi za magharibi ya nchi, na mwaka 1933 zamu ya Buha ikafika.

Anayejua maisha ya Muha ataelewa uzito wa amri hiyo. Mgomba hauhamishwi kama kuku. Ukiuacha leo, utasubiri mashamba mapya yaanze kuzaa huku watoto wanakula ulichobeba kichwani. Yaliachwa makaburi ya wazee na mahali pa matambiko, zikaachwa ardhi ambazo kila mtu alijua mpaka wake kwa mti au jiwe. Huko walikopelekwa walipangiwa viwanja kando ya barabara, wakaambiwa wafyeke. Sitaki kusema kwamba amri ile ilikuwa uonevu mtupu. Malale ilikuwa inaua kweli, na waliohamishwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko waliobaki porini. Ninacholaumu ni kwamba hawakuulizwa. Tiba iliwafikia Waha kwanza kama agizo la kuhama, na zahanati ilikuwa sehemu ya agizo hilo.

Ndani ya zahanati hizo alikuwapo dresa. Tangu miaka ya 1920 serikali ilikuwa imeanza kuwafundisha vijana wa Kiafrika kusafisha vidonda, kugawa kwinini na kutoa dawa chache, kisha ikawarudisha vijijini chini ya mamlaka za machifu. Mafunzo yao yalikuwa mafupi na kabati lao lilikuwa dogo. Lakini enzi hizo Tanganyika ilikuwa imejaa buba, ugonjwa unaotoa vidonda vya kutisha usoni na miguuni, na buba ilikubali sindano. Sindano chache tu na kidonda kilichokaa miaka kilikauka mbele ya macho ya jirani. Imani ya watu wetu kwa sindano ilizaliwa hapo. Hata leo yuko mzee atakayetoka zahanati na vidonge mkononi akasema hakutibiwa, kwa kuwa hakuchomwa.

Baada ya mbung'o ikaja katani. Buha haikupewa zao kubwa la biashara, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo wanaume wakaondoka. Walishuka hadi reli, wakapita Tabora, wakaenda kukata mkonge Morogoro na Tanga, wakiitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya mashina yake. Manamba alipimwa afya kabla ya kusafirishwa, maana aliyefika shambani akiwa mgonjwa alikuwa hasara. Mke wake aliyebaki nyumbani hakupimwa na mtu. Na hili ndilo jambo ambalo sijaliona likitiliwa maanani vya kutosha: kijiji kilichotoa manamba kilibaki na mabega machache ya kubeba machela.

Wamisionari ndio waliojenga hospitali za mwanzo ambazo Muha angeweza kuzifikia kwa miguu akamkuta daktari. Waadventista walijenga Heri, katika milima ambayo leo imo wilaya ya Buhigwe. Wakatoliki walijenga Kabanga, karibu na Kasulu, na baadaye wakawa na chuo cha uuguzi hapo hapo. Chuo kina maana yake. Muuguzi aliyesomea Kabanga anaijua baridi ya vijiji vya juu kama Heru Juu na anakisikia Kiha, na mama akiugulia kwa lugha yake hahitaji kutafsiriwa.

Uhuru wa mwaka 1961 uliikuta Buha ikiwa pembezoni kwa kila maana. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilielekeza macho vijijini, na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, iliyotangulia amri ya nchi nzima ya kuhamia vijijini. Waliokuwa watoto mwaka 1933 sasa walikuwa watu wazima wenye wajukuu, na wakaisikia tena hoja ile ile: sogeeni pamoja ili huduma ziwafikie. Safari hii iliyosema ilikuwa serikali yao wenyewe, na ahadi ilikuwa kubwa zaidi: shule, maji, zahanati. Wengi walitolewa vilimani wakapelekwa tambarare, kwenye joto na mbu zaidi. Baadhi ya vijiji vilipata zahanati kweli, na vingine vilibaki na uwanja uliotengwa kwa ajili yake, umeota nyasi.

Hata hivyo mwaka uliofuata kilitokea kitu kizuri, na nakisema kwa furaha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikaa chini ya mti na redio moja na kitabu kimoja, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake, kikajadili malaria, kichocho, kuhara, minyoo na kifua kikuu, kisha kikaenda kuchimba choo. Hakuna daktari aliyehitajika kwa choo. Mwanakijiji aliyekuwa amezoea kuamriwa ahame alikuwa sasa anaulizwa maoni yake kuhusu mahali pa kuchimba shimo.

Kisha miaka ya njaa ya dawa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, uchumi kuporomoka: yote hayo yalifika Kasulu na Kibondo kama kabati tupu. Zahanati zilikuwapo, wauguzi walikuwapo, lakini dawa hazikutosha, na mgonjwa aliandikiwa karatasi ya kwenda kununua dukani kitu ambacho dukani hakipo. Machela zikaendelea kupita mbele ya zahanati bila kusimama, zikielekea Kabanga, Heri au chini kabisa, Maweni, hospitali ya mkoa iliyoko Kigoma mjini.

Huko Maweni, katikati ya miaka ya 1980, daktari wa wanawake aliyeitwa Godfrey Mbaruku alifanya kazi ambayo nadhani kila Mtanzania angepaswa kufundishwa shuleni. Alianza kwa kuhesabu. Alirudi kwenye rejista za 1984 hadi 1986 kutafuta kina mama waliokufa kwa uzazi hospitalini, na la kwanza aliloligundua ni kwamba wengi hawakuwa wameandikwa ipasavyo. Mama alikuwa amekufa na kitabu hakikujua. Alipowakusanya wote, hesabu ilikuwa vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa lugha ya wodini, katika kila kina mama elfu moja waliojifungua, zaidi ya tisa hawakurudi nyumbani.

Alichofanya baadaye hakikungoja mfadhili mkubwa. Yeye na wenzake waliandika mambo 22 yanayoweza kubadilishwa kwa nguvu za pale pale, na kuanzia 1987 wakayabadilisha. Yasome taratibu, maana uzuri umo katika udogo wake. Watumishi wakae pamoja kwa utaratibu kujadili kila kifo na kilichokosewa, bila kufichana. Vifaa vikaguliwe kwa ratiba, visisubiri vife. Damu iwepo kabla mtu hajaanza kutoka damu. Hospitali itengeneze maji yake ya kutundikia. Maabara iweze kuotesha vijidudu, ili daktari ajue dawa gani inafaa. Mtumishi muhimu asikae mbali kiasi kwamba akiitwa usiku afike kumekucha. Malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Fedha nyingine zichangishwe hapa hapa Kigoma.

Hebu fikiria hilo la umbali wa nyumba ya mtumishi. Saa nane za usiku mama anatokwa damu, mlinzi anatumwa mbio kumwita mtu wa chumba cha upasuaji, na mtu huyo anaishi upande wa pili wa mji. Hakuna dawa iliyokosekana hapo. Kilichokosekana ni nyumba karibu na geti. Watu walikuwa wamekufa kwa sababu ya nyumba.

Kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Mbaruku na Staffan Bergström, daktari wa Kiswidi, walichapisha matokeo hayo mwaka 1995, na dunia ya wakunga na madaktari ikayasoma. Mimi hunigusa zaidi ile hatua ya kwanza. Kabla ya kuokoa mtu yeyote, alikwenda kuwatafuta waliokufa bila kuandikwa.

Lakini Maweni iko ziwani, na machela ilikuwa bado vilimani. Kabla hekima ile haijapanda Kasulu na Kibondo, Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu mengi. Wakafuata wengine, na kuanzia mwaka 1996 Wakongo waliokimbia vita vya Zaire walipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Zikawepo pia kambi za Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Mtendeli, Kanembwa, Nduta na Karago upande wa Kibondo. Wilaya mbili zilizokuwa zikikosa madaktari zikajikuta na hospitali za mahema zenye madaktari kutoka nchi za mbali, chanjo kwa kila mtoto na magari ya wagonjwa yenye redio.

Waha waliwapokea watu ambao lugha yao wanaisikia, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, na wengi waligawana chakula kabla mashirika hayajafika. Lakini kuna uchungu katika kutembea na mtoto mwenye homa hadi zahanati yako isiyo na dawa, huku ukijua kwamba ndani ya kambi dawa ipo. Baadhi ya kambi ziliwatibu wenyeji pia, na hospitali za wilaya zilisaidiwa. Ulikuwa msaada wa kweli, na uliokoa watoto ambao leo ni wazazi. Ila huduma iliyojengwa kwa hema huondoka na hema. Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, waliozoea kwenda huko walirudi kwenye zahanati zao kama zilivyokuwa.

Na mbung'o hakuwa ameondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya 2000, malale ilionekana tena Kasulu, Kibondo na Urambo, kwa watu walioingia porini kutafuta asali, kuni na mashamba. Ugonjwa ukishafika ubongoni dawa iliyokuwepo ilikuwa melasoproli, nayo ni ya aseniki, jamaa ya ile ya Wajerumani; inachoma mishipa ikiingia, na mgonjwa mmoja katika kila 20 hivi huuawa na dawa yenyewe. Miaka 70 baada ya watu kuhamishwa kwa jina la malale, anayeumwa malale bado alihitaji kwanza mtu mwenye hadubini na subira ya kuangalia tone la damu, asije akaandikiwa malaria kwa mara ya tatu.

Mbaruku hakuwa amemaliza na Kigoma. Akiwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, alirudi na watafiti wenzake hadi Kasulu, na safari hii waliuliza wanawake wenyewe. Walitaka kujua kwa nini wengi hujifungulia nyumbani, na kwa nini wengine huipita zahanati ya jirani wakaenda mbali. Wanawake 1,203 waliwekewa mifano ya vituo tofauti wachague: karibu au mbali, bure au kwa malipo, chenye dawa au kisicho nazo, chenye muuguzi mpole au mkali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Umbali ulikuwa na uzito, gharama nazo, lakini yaliyotangulia yalikuwa mawili: mhudumu anayekuheshimu, na uwepo wa dawa na vifaa.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la wodi ya wazazi hatashangaa. Mama aliyebebwa usiku kucha, kisha akapokelewa kwa kufokewa kwamba amechelewa na kanga zake ni chafu, hatasahau, na mdogo wake atakayemsimulia atajifungulia jikoni kwa mkunga wa jadi anayemwita "mwanangu". Wanawake wa Kasulu hawakuwa wajinga wa kuelimishwa. Walikuwa wateja waliopima huduma na kutoa hukumu.

Kulikuwa na swali jingine lililokuwa likiwagawa wakubwa wa taaluma: je, daktari msaidizi, asiye na shahada, aachiwe kumpasua mama? Vijijini swali hilo lilikuwa limejibiwa zamani, kwa kuwa hakuwepo mwingine. Mwaka huo huo wa 2009 ukachapishwa uchunguzi wa hospitali za mikoa ya Kigoma na Mwanza. Madaktari wasaidizi ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada. Tangu 2006 serikali, kwa fedha za Bloomberg Philanthropies na kazi ya World Lung Foundation, ilikuwa imeanza kujenga vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya vya mashambani, Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, na kuwafunza madaktari wasaidizi na wauguzi wa usingizi kuvitumia. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wenye lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mwaka 2012 Buhigwe ilitolewa Kasulu na Kakonko ikatolewa Kibondo, zikawa wilaya zenye waganga wakuu wao.

Mwaka 2015 Burundi ikatikisika tena. Mwezi Mei maelfu ya wakimbizi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikawakuta hapo. Meli ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawabeba hadi Kigoma. Hadi mwisho wa mwezi wagonjwa walikuwa zaidi ya 4,000 na waliokufa 31. Kwa msongamano ule wangeweza kufa mamia. Walionusurika walipanda vilima hadi Nyarugusu, ambayo ilipita watu 150,000, na Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba. Mahema ya hospitali yakarudi Kibondo.

Siku hizi muuguzi wa zahanati ya kijiji akiona mama anatokwa damu kupita kiasi, hupiga 115. Huo ni mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepokea simu huuliza mambo machache, hutafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali humpigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekubali kazi hiyo na atakayelipwa kwa simu. Huku nyuma muuguzi anaandika karatasi ya rufaa kwa mwanga wa tochi ya simu aliyoibana begani. Mama mkwe anakunja kanga mbili, anatafuta kadi ya kliniki, anaitia kifuani. Wanamtoa mgonjwa nje polepole, wawili huku na wawili kule, hadi barabarani, na wote wanageuza nyuso upande ambao taa za gari zitatokea.